Al-Jazari: Fundi wa Hila Aliyeacha Siri Zake Wazi

Kila mtu ana ugonjwa wake, na wangu mimi ni vyombo. Mwenzangu akipita madukani hutazama vitambaa au viatu. Mimi macho yangu huenda moja kwa moja kwenye redio, saa, kamera, simu na tarakilishi. Nyumbani kwangu wamekwisha nizoea. Mke wangu ana hesabu kamili ya simu nilizonunua tangu tuoane, na hupenda kuisoma mbele ya wageni.

Ugonjwa huu niliambukizwa na ami yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa fundi saa katika Mji wa Kale hapa Mombasa. Kibanda chake hakikuzidi ukubwa wa kabati. Alikuwa akinipa saa mbovu na bisibisi ndogo, kisha akaniachia niifungue mwenyewe. Sharti lake lilikuwa moja tu: kila kipande nitakachokitoa nikipange juu ya karatasi kwa utaratibu na nikichore, ili niweze kukirudisha mahali pake. Ajuaye kufungua asijue kurudisha, kwa ami hakuwa fundi, alikuwa mharibifu.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Dubai kumzuru mpwa wangu afanyaye kazi huko. Kama ijulikanavyo, mtu wa pwani haendi Dubai mikono mitupu wala harudi mikono mitupu. Nilikuwa na karatasi ya maagizo ndefu: simu ya huyu, saa ya yule, kompyuta ya mtoto wa jirani anayeingia chuo kikuu. Mpwa wangu akanipeleka katika soko moja kubwa lililopewa jina la Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Humo ndani, katikati ya maduka, nikamkuta tembo.

Si tembo wa kweli. Ni sanamu kubwa ya tembo aliyebeba mgongoni kiti chenye paa, na juu ya kiti hicho ameketi karani mwenye kalamu. Shingoni kwa tembo amepanda mwendeshaji, juu kabisa yuko ndege, na ubavuni wamejikunja nyoka wawili wa kutisha. Nikaambiwa kuwa ni mfano wa saa iliyobuniwa zaidi ya miaka 800 iliyopita na fundi mmoja Mwislamu aitwaye al-Jazari. Basi ile karatasi ya maagizo ikabaki mfukoni, nami nikasimama pale mpaka mpwa wangu akachoka kunisubiri. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsoma mtu huyu, na leo napenda nikusimulie habari zake, kwa sababu naona ana jambo la kutuambia sisi tunaolala na simu chini ya mto.

ALIKUWA NANI

Jina lake ni Ismail bin al-Razzaz, kuniya yake Abul-Izz, na laqabu aliyopewa ni Badii al-Zaman, maana yake ajabu ya zama. Razzaz ni mwuza mchele, kwa hivyo jina hilo laonyesha kuwa ukoo wake ulikuwa na asili ya biashara hiyo. Ama Jazari ni nisba ya al-Jazira, nchi iliyo baina ya mito miwili ya Dajla na Furati, upande wa kaskazini.

Kazi yake aliifanya katika mji wa Amid, ambao leo huitwa Diyarbakir na umo katika nchi ya Uturuki. Mji huo una ukuta mkubwa wa mawe meusi ambao bado umesimama. Zama zake zilikuwa ndizo zama za Salahuddin al-Ayyubi. Mwaka 1183 Salahuddin aliuteka mji wa Amid akamkabidhi Nuruddin Muhammad, mfalme wa ukoo wa Artuq, na miaka minne baadaye, 1187, akaurudisha mji wa Baitul-Muqaddas. Walikuwa watu wa vita na farasi, lakini katika makasri yao palikuwa na nafasi ya maulamaa, washairi na mafundi.

Al-Jazari aliutumikia ukoo huo wa Artuq kwa muda wa miaka 25. Alimtumikia baba, kisha mwana, kisha ndugu wa mwana huyo, mfalme al-Salih Nasiruddin Mahmud. Cheo chake kilikuwa mkuu wa mafundi wa kasri. Tusimdhanie kuwa bwana mkubwa wa kuketi juu ya zulia na kuamuru wengine. Katika maandishi yake unamwona mtu aliyeyeyusha shaba mwenyewe, aliyepiga tupa, aliyechoma mikono yake na kuilowesha. Maisha yake hayakuandikwa na mwandishi yeyote wa tarikh kwa urefu. Karibu yote tuyajuayo yanatoka katika kitabu chake mwenyewe.

Kisa cha kitabu hicho ni hiki. Siku moja mfalme Nasiruddin, baada ya kuona vyombo alivyotengenezewa, alimwambia fundi wake kwamba kazi hizi hazina mfano, na kwamba itakuwa hasara zikipotea; basi aziandike na kuzichora moja baada ya moja. Al-Jazari akashika kalamu. Mwaka 1206, sawa na mwaka 602 wa Hijria, kitabu kikakamilika. Ukilifasiri jina lake kwa Kiswahili utapata kitu kama mkusanyo wa elimu na kazi yenye manufaa katika sanaa ya hila.

Hapa tusimame kidogo kwenye neno hilo. Kwetu sisi hila ni werevu wa kumzunguka mtu, na mwenye hila hatumkaribishi barazani. Lakini katika Kiarabu cha mafundi wa zamani, hila ilikuwa pia chombo cha werevu: namna ya kuyafanya maji, uzito na hewa vitende kazi ambayo kwa nguvu za kawaida visingeitenda. Mambo tunayoyaita leo teknolojia, wao waliyaita hila. Na mimi nikiitazama simu yangu naona jina lile la zamani halikukosea kwa maana zote mbili.

SAA YA SAA KUMI NA MBILI

Kitabu kina vyombo 50 katika mafungu sita. Kuna saa 10 za maji na za mishumaa. Vyombo 10 vya karamu za vinywaji. Birika na matasa 10 ya kunawia mikono na ya kupimia damu ya kuumika. Chemchemi na ala za kujipiga zenyewe 10. Mitambo mitano ya kupandisha maji. Na vitu vitano vya namna mbalimbali. Sitaficha kuwa lile fungu la pili ni la mabaraza ya ulevi ya wafalme. Kasri halikuwa madrasa, na fundi alifanya aliloagizwa na bwana wake. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye ya nyoyoni.

Saa yake kubwa kuliko zote ilikuwa na kimo cha kama mita tatu na zaidi. Mbele yake palikuwa na duara la buruji za falaki, na jua na mwezi vilikwenda katika mwendo wao. Kila saa ilipotimia, mlango ulifunguka na sanamu ikatokeza, na vipanga wawili wa shaba wakadondosha tufe kutoka midomoni mwao, zikalia zilipoanguka. Ilipofika saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili, wapiga ngoma, matoazi na tarumbeta, nao ni sanamu, walipiga muziki wao.

Msomaji Mswahili ataona mara moja jambo ambalo Mzungu hulazimika kulielezwa. Saa sita ya al-Jazari ni adhuhuri, kama saa sita yetu, na saa kumi na mbili ni magharibi. Siku yake ilihesabiwa kutoka macheo ya jua, kama tunavyohesabu sisi hadi leo, wakati simu zetu zote zinalazimisha kuhesabu kutoka usiku wa manane. Nimekwisha tumia simu za kila namna, na nyingi zilinipa lugha yangu lakini sikupata hata moja iliyonipa saa yangu.

Ila pana tofauti moja. Sisi tuko karibu na Ikweta, mchana wetu na usiku wetu hautofautiani sana mwaka mzima. Kule Amid mchana wa kiangazi ni mrefu mno na wa kipupwe ni mfupi. Desturi yao ilikuwa kuugawa mchana, uwe mrefu au mfupi, mafungu 12 yaliyo sawa. Kwa hivyo saa moja ya kiangazi ilikuwa ndefu kuliko saa moja ya kipupwe, na chombo kilitakiwa kubadili mwendo wake kila siku. Hapo ndipo ufundi ulipo.

Ndani ya saa hiyo mlikuwa na tangi la maji lenye boya zito. Maji yakipungua boya hushuka, na kamba iliyofungwa kwenye boya huvuta vyombo vyote vya juu. Lakini maji yakiwa mengi hutoka kwa kasi, yakipungua hutoka kwa unyonge. Saa ingekwenda mbio asubuhi na kuchechemea alasiri. Fundi akatia chumba kidogo cha pili chenye boya dogo na kizibo. Maji yakizidi humo, boya hupanda na kuziba; yakipungua, hushuka na kufungua. Kila mwenye tangi la maji nyumbani kwake analijua boya hilo, ingawa la siku hizi ni la plastiki. Hivyo maji ya chumba kidogo yalibaki katika kimo kimoja, na mwendo ukawa sawa. Kisha tundu la kutokea maji akalitia katika kisahani cha duara chenye alama za siku za mwaka. Ukikizungusha kisahani, tundu hupanda au kushuka, na maji hutoka polepole au haraka kwa kadiri ya urefu wa mchana wa siku ile.

Waliomtangulia walikuwa na kipimo cha namna hiyo. Al-Jazari hakukubali kwa kuambiwa. Alikijaribu, akakuta saa zake haziafikiani na jua. Kipimo cha nusu duara akakiona kina kasoro. Akaendelea mpaka akapata cha duara kamili kilichomridhisha. Na haya yote aliyaandika: kipi alijaribu, kilishindwa wapi, na yeye alifanya nini badala yake. Nimesoma maelezo mengi ya vyombo vipya katika maisha yangu, na bado sijaona kampuni inayochapisha orodha ya yaliyoishinda.

Ama yule tembo wa Dubai, siri yake ni nyepesi zaidi na ndiyo nzuri zaidi. Ndani ya tumbo lake mna tangi la maji, na juu ya maji hayo huelea bakuli lenye tundu dogo chini. Maji huingia polepole, na kwa muda wa nusu saa bakuli huzama. Likizama huvuta kamba; tufe hudondoka kutoka juu, ndege huzunguka, tufe huingia kinywani mwa nyoka, na nyoka kwa uzito huo huinama. Akiinama huliinua bakuli na kulimwaga, nalo huanza kazi upya. Mwendeshaji humpiga tembo, na waliopo wakajua nusu saa imepita.

UDHU WA MFALME

Katika vyombo vyake vyote, ambacho kimenigusa zaidi ni cha kutilia udhu. Mfalme al-Salih hakupenda mtumishi wala kijakazi amsimamie kummiminia maji anapotawadha. Akamtaka fundi amtengenezee chombo kitakachomtosheleza peke yake. Al-Jazari akatengeneza sanamu ya kijana aliyesimama, ameshika birika kwa mkono mmoja. Ndege hulia kwanza, kuashiria kwamba maji yaja. Kisha maji humiminika kwa kadiri ya udhu na kukoma. Halafu mkono wa pili hushuka, nao umebeba kitambaa cha kujifutia, kioo na kichana.

Kilikuwako na kingine cha kunawia mikono, chenye tausi. Maji yalitoka mdomoni mwa tausi na kuangukia tasani. Maji machafu yakijaa kiasi fulani chini ya tasa, boya hupanda, mlango hufunguka, na kijisanamu hutoka na sabuni ya unga. Yakiongezeka tena, boya la pili hupanda, na kijisanamu cha pili huleta taulo. Hakuna umeme wala betri. Ni maji tu yanayojipima yenyewe.

Mimi huona kuwa hapa ndipo mahali pa kupimia chombo chochote kinachouzwa. Chombo cha udhu kilianza na haja ya mtu: anataka faragha na Mola wake, na anaona haya kumtumikisha mwingine katika jambo hilo. Chombo kikaja kwa ajili ya haja hiyo, kikatoa maji ya kutosha, kikanyamaza. Simu yangu hainyamazi. Nikiiweka kando wakati wa sala hutetemeka mfukoni kunieleza kuwa mtu nisiyemjua amekula nini. Nusu ya programu nilizo nazo hazikutengenezwa kwa haja yangu, bali haja yangu ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili yao. Nasema haya nikiwa mpenzi wa vyombo, si adui yake.

KUFULI NA NAMBA YA SIRI

Katika fungu la mwisho la kitabu mna kufuli la sanduku lisilokuwa na ufunguo wa kubeba. Lina duara nne zenye herufi, na haliwezi kufunguka ila kila duara ikielekezwa kwenye herufi yake. Asiyejua herufi hizo hana njia. Nchini kwetu tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, wazee wasiojua hata kuandika jina lao wamezoea kubonyeza tarakimu nne za siri kabla ya kutuma fedha kijijini. Wazo lenyewe, kwamba ufunguo unaweza kukaa kichwani badala ya kiunoni, mafundi wa zama za al-Jazari walikwisha litia katika shaba.

Kuna pia jahazi lake dogo la wapigaji muziki wanne, lililowekwa katika bwawa ili kuwafurahisha wageni wa mfalme. Ndani yake gogo lenye vigingi lilizungushwa kwa maji. Kila kigingi kilipopita kiligonga wenzo, na wenzo ukampigisha sanamu ngoma yake. Profesa Noel Sharkey wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, aliunda mfano wa chombo hicho, na rai yake ni kuwa mtu akivihamisha vigingi hupata mdundo mwingine. Ikiwa ni hivyo, basi vigingi hivyo ni aina ya programu: gogo ni lile lile, amri ndizo zinazobadilika.

Hata hivyo, nawaonya vijana wetu wanaosambaza picha katika simu wakidai kuwa al-Jazari alivumbua kila kitu, kuanzia roboti mpaka kompyuta. Kumsifu mtu kwa asilolifanya ni kumvunjia heshima. Yeye mwenyewe aliwataja waliomtangulia: Wayunani kama Archimedes, na Banu Musa, ndugu watatu wa Baghdad ambao zaidi ya miaka 300 kabla yake walitunga kitabu cha hila. Alichukua ya wenziwe, akayapima, akayasahihisha, akaongeza yake. Na katika yake yamo makubwa. Pampu yake ya kupandishia maji ilikuwa na silinda mbili zilizoelekeana, moja ikivuta na nyingine ikisukuma, zikiendeshwa na gurudumu la mto. Ndani yake mwendo wa mzunguko uligeuzwa kuwa mwendo wa kwenda na kurudi, na mabomba yake yalifyonza maji kwa kweli. Wanahistoria wa uhandisi huihesabu pampu hiyo miongoni mwa kazi kubwa za zama zake, na mtu aliyepata kuteka maji kisimani kwa ndoo na kamba hahitaji mwanahistoria kumweleza faida yake.

JAMBO LILILONIPATA

Sasa nieleze kwa nini nimeandika haya. Mama yangu mzazi alipokuwa hai, niliketi naye jioni nyingi nikamrekodi kwa simu. Alinihadithia nasaba yetu, nani alitoka Lamu na nani alitoka Pate, nani alioa wapi, dawa za watoto, nyiradi alizofunzwa na bibi yake. Sauti hizo nilizitia katika huduma moja ya intaneti ya kuhifadhia mafaili, iliyokuwa ya bure na yenye sifa. Niliona nimefanya jambo la kisasa na la akili. Simu huvunjika, nilijisemea, lakini huko ziliko hazitavunjika.

Mama alifariki. Miezi mingi ilipita kabla sijaweza kuvumilia kuisikiliza sauti yake. Siku nilipojikaza na kuitafuta, nikakuta huduma ile imefungwa. Kampuni ilikuwa imetoa tangazo na muda, ila tangazo lilipelekwa katika anwani ya barua-pepe niliyokwisha kuiacha. Nikaikumbuka simu ya zamani niliyorekodia, ilikuwa imekufa. Fundi akaniambia betri yake imegandishwa kwa gundi na skrubu zake zinataka bisibisi isiyouzwa, na alipojaribu kuifungua ikapasuka. La haula wala quwwata. Jioni zile zote zikaondoka kana kwamba mama hakuzungumza.

Nilimfikiria ami na karatasi yake ya kupangia vipande. Nikamfikiria al-Jazari pia. Je, msomaji, wajua ni vyombo vingapi vya al-Jazari vilivyobaki duniani? Hakuna hata kimoja. Tembo hayupo, tausi hayupo, kijana wa udhu hayupo. Shaba huyeyushwa, mbao huoza, makasri hubomolewa. Kilichobaki ni kitabu, nacho kilinakiliwa mkono kwa mkono. Nakala moja iliyoandikwa mwaka ule ule wa 1206 imehifadhiwa katika maktaba ya kasri la Topkapi, Istanbul.

Na kitabu chenyewe hakikuandikwa kama watu wengi walivyoandika hila zao, kwa mafumbo ili msomaji astaajabu asifahamu. Al-Jazari alieleza ili fundi mwingine aweze kutengeneza. Alitoa vipimo. Alichora chombo kizima, kisha akachora vipande vyake na kuvitia herufi. Alieleza namna ya kumimina shaba katika kalibu za mchanga, namna ya kugandisha mbao tabaka kwa tabaka ili zisipinde, namna ya kusaga vizibo kwa unga mkali mpaka visivuje, namna ya kusawazisha magurudumu. Mwaka 1974 mhandisi Mwingereza, Donald Hill, alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza. Mwaka 1976 jumba la makumbusho ya sayansi la London likaionyesha saa yake kubwa ikiwa imeundwa upya kwa kufuata maelezo yake, nayo ilifanya kazi. Miaka 770 baadaye, kwa maneno na michoro tu!

Basi hii ndiyo rai yangu, na atakaye na aipinge. Chombo kisichofunguka si mali yako hata ukiwa umekilipia. Huduma ambayo huwezi kuondoka nayo vitu vyako ni nyumba ya kupanga isiyokuwa na mkataba. Kabla hatujauliza kamera ina nguvu gani na kioo ni kipana namna gani, tuulize: kikiharibika nani ataweza kukitengeneza? Kampuni ikifunga milango, vyangu nitavipata wapi? Muuzaji akikosa jawabu, tusione haya kuondoka dukani. Mimi sasa huuliza, na mke wangu anasema hesabu ya simu imepungua.

Dada yangu, kwa bahati, alikuwa amekumbuka mengi ya mama. Tuliketi naye tukayaandika katika daftari, kwa wino, nakala tatu: moja kwake, moja kwangu, moja kwa ndugu yetu aliyeko Malindi. Sauti haikurudi, lakini majina ya wazee wetu yamerudi.

Likizo iliyopita, mjukuu wangu alikuja kukaa nasi, naye amerithi ugonjwa wangu. Tulichukua bakuli la bati na msumari, tukalitoboa chini, tukalieleza katika ndoo ya maji uani. La kwanza lilizama kwa dakika 6. Tukaziba tundu kwa risasi, tukatoboa kwa msumari mwembamba zaidi, likachukua dakika 24. Mara ya tatu tulitumia sindano nene na kulipanua tundu kidogo kidogo, na tulipolitia majini alasiri ile lilizama kwa nusu saa kasoro dakika moja. Kijana aliruka kwa furaha akataka kupiga picha. Nikamwambia apige, hakuna ubaya. Kisha nikampa daftari, nikamtaka achore bakuli, aandike upana wake, kina chake, uzito wake na unene wa sindano, na asisahau kuandika yale mawili yaliyotushinda.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ismail bin al-Razzaz, na awarehemu wazee wetu waliotufunza kufungua na kurudisha. Amin.